Pikapu inachemsha ikiwa imesimama: kagua feni kabla hujafungua hedi

Mkuu, umesema Hilux yako ya injini ya 3L ukitoka nayo Mtwara hadi Masasi geji ya joto inakaa pale pale katikati, lakini ukipanga foleni kwenye ghala la korosho, dakika kumi tu za sailensa (injini inanguruma gari limesimama), mshale unapanda. Fundi ameshatoa themostati, ile vali inayofunguka kwa joto kuruhusu maji yaende kwenye rejeta, hali ni ile ile, na sasa anataka kufungua silinda hedi, ile sehemu ya juu ya injini. Nakuomba umsimamishe kwanza. Jambo hili lilinikuta na gari la aina hiyo hiyo, na hedi niliifungua bure.

Ilikuwa msimu wa salfa. Kuanzia Juni mpaka Agosti huwa nabeba mifuko ya salfa na mashine za kupulizia, napeleka mashambani Tandahimba na Newala, wakati watu wanapambana na ugonjwa wa ubwiri unga kwenye mikorosho. Betri yangu ilikuwa dhaifu, kwa hiyo nikifika shambani nilikuwa naliacha gari linanguruma mpaka mzigo ushuke. Hapo ndipo lilipoanza kuchemsha. Nikiondoka, kilomita mbili tatu, joto linashuka lenyewe.

Fundi wa kwanza akasema gasketi, ile inayoziba kati ya hedi na injini, imeungua. Tukafungua, hedi ikaenda kupimwa ikarudi imenyooka, tukafunga gasketi mpya. Siku ya pili nikasimama kushusha mzigo, likachemsha vile vile. Laki nne zimekwenda, na siku tano sina kazi.

Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja fundi wa Mikindani. Hakushika hata spana. Aliniambia niliache kwenye sailensa mpaka mshale upande, kisha nizime na nitoe ufunguo. Akaingiza mkono, akaisukuma feni kwa vidole viwili. Ikazunguka kama pia, mizunguko minne, mitano, haina kizuizi chochote. Akaniambia, "Mwanangu, hii haivuti kitu." Akamulika kwa simu katikati ya feni: mafuta yalikuwa yamechirizika kwenye klachi yake, mistari myeusi inakimbilia kwenye mabawa, na vumbi la njano la salfa limeganda juu yake.

Lile duara la aluminiamu katikati ya feni ndiyo klachi. Ndani mna mafuta mazito ya silikoni, na mbele kuna springi bapa iliyojiviringa inayopokea joto la hewa itokayo kwenye rejeta. Joto likipanda, springi inafungua njia, mafuta yanaingia kazini na feni inashikwa. Mafuta yakivuja, feni unaiona inazunguka lakini haina nguvu. Gari likitembea, upepo wa barabara unaipooza rejeta, ndiyo maana njia ya Masasi hukuona shida. Likisimama, hakuna upepo mwingine zaidi ya ule wa feni. Kwa hiyo gari linalochemsha limesimama na kupoa likitembea, mara nyingi sana kosa ni la hewa. Lingekuwa linachemsha kwenye mwendo na mzigo, hapo ningekwambia uangalie rejeta iliyoziba ndani, wota pampu au gasketi.

Injini ikiwa ya moto, feni isiyo na ubovu ukiisukuma inagoma, inasogea kidogo na kusimama. Fanya jaribio hilo leo, na gari liwe limezimwa kabisa. Hapo hapo bonyeza mkanda unaozungusha feni. Ukiwa umelegea au unang'aa kama kioo, unateleza, na wota pampu nayo inazunguka pungufu.

Kwangu kulikuwa na kosa la pili, na hili linaniuma kwa sababu lilitokea gereji. Waliposhusha rejeta walitoa lile kava la plastiki linaloizunguka feni, hawakulirudisha. Bila kava, feni inazungusha hewa ile ile ya moto ya kwenye boneti badala ya kuivuta ipite kwenye rejeta. Kama lako halipo, litafute hata la mtumba.

La tatu ni uchafu. Vile vibati vyembamba vya rejeta vilikuwa vimejaa tope la mafuta, salfa na mchanga mwekundu. Tumelowesha kwa maji ya sabuni, tukaosha kwa mpira wa kawaida kutoka upande wa injini kwenda nje. Usikubali mashine ya presha, inalaza vibati. Na kama gari lako linalala karibu na bahari, vishike kwa kidole: vikimomonyoka kama majivu, chumvi imeshavila na rejeta hiyo haitakufaa.

Themostati irudishe. Injini nyingi za Toyota zina njia ndogo ambayo themostati huiziba ikifunguka. Ukiitoa, sehemu ya maji inazunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta. Kuijaribu ni kuichemsha kwenye sufuria. Yangu imegongwa 82, yaani nyuzi joto, na inaanza kufunguka kabla maji hayajatokota.

Mfuniko wa rejeta nao ni muhimu. Wenye namba 0.9, kipimo cha shinikizo, ukishika vizuri, maji hayachemki mpaka karibu nyuzi 119. Mpira wake ukipasuka yanachemka mapema. Usiufungue injini ikiwa ya moto, mvuke unachoma uso. Maji ya kisima chenye chumvi yanaacha magamba ndani, mimi nachota maji ya mvua Newala, nachanganya nusu kwa nusu na kuulanti, ile dawa ya rejeta.

Ukitaka kujua kama gasketi ndiyo yenye kosa, asubuhi injini ikiwa baridi fungua mfuniko, washa, utazame mdomo wa rejeta. Mapovu yasiyokoma, au mpira wa juu kuwa mgumu ndani ya dakika moja mfuniko ukiwa umefungwa, hapo fundi wako ana hoja.

Watakushauri pia kuichomelea klachi. Nimeona wengi wanafanya. Feni itavuta, lakini itakula nguvu na kuichosha bearingi ya wota pampu. Mimi nilifunga klachi ya mtumba iliyogoma vizuri mkononi, nikarudisha kava, na msimu wa korosho uliofuata nilikaa foleni saa nzima geji haijasogea.

Ukiwa foleni kabla hujatengeneza, mshale ukianza kupanda fungua hita mpaka mwisho na ukanyage mafuta kidogo, feni na pampu ziongeze mwendo. Usimwage maji ya baridi kwenye injini, hedi inapasuka. Ukishaisukuma hiyo feni, niambie imezunguka mara ngapi, na kava lipo au halipo.