ECG yangu ilitoka safi, mbona kifua kinabana nikicheza hoki?

SWALI: Dokta habari za kazi. Mimi ni Mtanzania, niko hapa Calgary muda sasa, nina miaka 46, nina presha natumia amlodipine. Watoto walianza hoki ya barafu na mimi nikavutwa kwenye timu ya wazazi, tunacheza Jumanne saa tano kasoro usiku. Tangu mwezi uliopita, ikifika kipindi cha pili nikitoka kwenye barafu kifua kinabana kama mtu amekikalia, kinapanda mpaka kwenye taya, nikikaa benchi dakika mbili tatu kinaachia. Wenzangu wanasema ni pumzi tu nitazoea. ECG nilipima mwaka jana ikatoka safi kabisa. Je, nicheze mapigo yasizidi ngapi kwenye saa ya mkononi? Halafu kwenye group letu la WhatsApp kuna dada anauza unga wa kusafisha mishipa ya moyo, unafaa?

JIBU: Kaka, Jumanne hii hupandi barafuni. Ijayo pia hupandi, mpaka uonwe. Kifua kinachobana ukitumia nguvu, kinaenda mpaka taya na kinaachia ukipumzika, sisi tunaihesabu ni anjaina, yaani maumivu ya moyo unaokosa damu ya kutosha, mpaka vipimo vikatae, na yako imeanza mwezi uliopita tu, maana yake ni mpya, na ile mpya ndo inatutisha kuliko ya mtu anayeishi nayo miaka. Kwa hiyo leo ukitoka kazini usipitie nyumbani, nenda emajensi, na waambie maneno yaleyale uliyoniandikia mimi. Usiyapunguze. Wanaume tukifika pale kaunta tunageuka, eti "nimechoka kidogo tu sista". Na kikibana ukiwa umekaa, au kikipita dakika tano hakijaachia, usijiendeshe gari wala usimpigie mke wa rafiki yako ambaye ni nesi, piga 911.

Sasa tuje kwenye hii ECG, maana hapa ndo huwa naishiwa uvumilivu.

Sijui nani alianza kuwaambia watu kwamba karatasi ya ECG ni cheti cha moyo. Mtu anakuja kifua kinambana wiki ya tatu, ukimuuliza mbona hukuja mapema anatoa simu anakuonesha picha ya karatasi ya mwaka jana. Ile karatasi ulipimwa umelala kitandani, huna hofu, moyo unatembea polepole, na kinachochapishwa pale ni umeme wa moyo wa sekunde kama 10 hivi. Itaonesha mapigo yaliyovurugika, itaonesha shambulio linaloendelea muda ule, pengine kovu la zamani au msuli ulionenepa kwa sababu ya presha. Upana wa mishipa inayoulisha moyo haiuoni. Mshipa unaweza kuwa umeziba zaidi ya nusu na karatasi ikatoka safi, kwa sababu moyo uliolala hauhitaji damu nyingi, kile kinjia kilichobaki kinautosha. Ni sawa na fundi anayesikiliza injini gari likiwa limepaki, halafu anakwambia haya, pakia mzigo upandishe mlima Kitonga.

Na hoki ndo Kitonga yenyewe. Watu wanaona ni mchezo wa kuteleza wanadhani miguu inajipeleka tu, kumbe umeinama magoti yamekunjwa muda wote, umevaa mavazi ya kujikinga mwili mzima na jasho limeshaloa ndani, unakimbia kwa nguvu zako zote, halafu unavuta hewa ya baridi ambayo inabana mishipa na kupandisha presha, halafu ghafla unakaa. Hakuna kupoa, hakuna kutembea, ni kutoka mbio kali moja kwa moja mpaka benchi, na baada ya dakika chache unaitwa tena. Mwaka 2002 jarida la madaktari la Kanada, CMAJ, lilitoa utafiti wa wanaume 113 wanaocheza hoki ya kujifurahisha kama wewe, wakafungwa mashine ya Holter inayorekodi moyo mchezo mzima, na mapigo yao yalipanda juu ya kiwango kinachoshauriwa kwa mazoezi. Hawa hawakuwa wagonjwa waliookotwa wodini, ni watu waliokuja kucheza mechi yao ya wiki.

Tena kumbuka kwamba benchi siyo sehemu salama. Jay Bouwmeester wa timu ya hoki ya St. Louis Blues, tarehe 11 Februari 2020 kule Anaheim, alimaliza zamu yake akarudi benchi akakaa, akaanguka palepale moyo umesimama, alikuwa na miaka 36 na ni mchezaji wa kulipwa. Rich Peverley wa Dallas Stars naye 2014 aliangukia benchi. Wote wawili wako hai kwa sababu mashine ya kushtua moyo ilikuwa jirani na watu wanaojua kuitumia. Sasa jiulize Jumanne saa tano usiku pale kwenu kuna nani.

Kuhusu saa. Hesabu ya 220 toa umri inakupa 174, asilimia 85 yake ni kama 148, lakini hiyo ni wastani wa watu wengi, mtu na mtu wanapishana hata mapigo 10 na zaidi, na saa ya mkononi yenyewe ukiwa umeshika fimbo kwa nguvu ndani ya glavu inasoma inavyojisikia. Hata ingesoma vizuri, jibu langu ni lilelile: sikupi namba. Mtu ambaye kifua kinabana hapewi namba ya kuchezea, anapewa kipimo. Watakupima damu, watarudia ECG, pengine watakukimbiza kwenye tredimili au kukupiga CT ya mishipa ya moyo, wao ndo wataamua. Na hata hivyo vikitoka vizuri usivifanye cheti kingine cha kutembea nacho kwenye simu, kwa sababu mashambulizi mengi yanatoka kwenye utando wa mafuta ambao haujaziba hata nusu ya mshipa, unapasuka tu siku moja, damu inaganda juu yake, mshipa unafunga. Jana yake jamaa alikuwa anapiga mbio vizuri tu.

Unga wa kusafisha mishipa. Jamani. Yale mafuta hayajakaa kama uchafu kwenye bomba la sinki kwamba utamwaga kitu lizibuke, yako ndani ya ukuta wenyewe wa mshipa, yamejijenga miaka na miaka, hakuna unga, kitunguu swaumu na limao, wala mafuta ya habbat soda yatakayoingia tumboni yakaenda kuyakwangua. Dawa zinazosaidia zipo, statini kwa mfano, nazo hazikwangui, zinashusha kolestero na kuutuliza ule utando usipasuke. Kinachonikera siyo hela anayopata huyo dada, ni kwamba anayenunua anajiona ameshatibiwa, wiki ya pili anaacha amlodipine, wiki ya tatu anasema "naona nafuu" kwa sababu hajapanda ngazi. Ukimuuliza muuzaji unga una nini anakujibu mimea asilia. Tumbaku nayo ni mmea asilia.

Na siyo WhatsApp peke yake, vyumba vya kubadilishia nguo vina waganga wao. Kuna wanaomeza vidonge vya mafua vyenye pseudoephedrine kabla ya mechi ili wachangamke, hiyo inapandisha presha na kukimbiza mapigo, mwenye presha hatakiwi kuigusa bila kuuliza. Kuna ule unga wa kabla ya mazoezi, kijiko kimoja kinaweza kuwa na kafeini miligramu 300, wakati Health Canada inasema mtu mzima mwenye afya asizidi 400 kwa siku nzima, na wewe umeshakunywa kahawa mbili kazini. Kuna wanaoruka kidonge cha presha siku ya mechi eti kinawalegeza. Na kuna hili ambalo hakuna anayeuliza hadharani: kama unatumia Viagra au ndugu zake, ukifika emajensi kifua kinabana sema, hata mkeo akiwa amesimama hapo, kwa sababu wakikupa nitroglisarini, dawa ya kutanua mishipa, juu yake presha inaweza kuporomoka vibaya sana.

Sisemi uache hoki milele. Wengi wakishatibiwa, hata waliowekewa stenti, kale kabomba kanakoshikilia mshipa usizibe, wanaruhusiwa kurudi, ila wanarudi kwa ratiba ya daktari: wanafanya mazoezi siku nyingine za wiki siyo Jumanne tu, wanapasha mwili kabla, wanakaa barafuni sekunde 45 wanatoka badala ya kung'ang'ania dakika mbili kwa sababu wanakitaka kile kisahani kinachopigwa kwa fimbo, na wakitoka wanaendelea kusogeza miguu.

Hao wenzako wanaokwambia utazoea, wapelekee ujumbe mmoja kutoka kwangu: kabla ya mechi yao ijayo mmoja wao atafute mashine ya kushtua moyo iko ukuta gani pale ukumbini, na kama iko ofisini waulize ufunguo anao nani saa tano usiku, kwa sababu moyo ukisimama kila dakika inayopita bila kukandamizwa kifua na kushtuliwa inakata nafasi ya kupona kwa asilimia 7 mpaka 10.