Kanga au kororo? Tazama kichwa

Ndugu, umeuliza kama ndege wenye madoadoa na kishungi uliowaona msitu wa Arabuko-Sokoke ni kanga. Hapana, hao ni kororo. Madoa yasikupoteze, wote wawili wanayo. Tazama kichwa: kanga ana pembe fupi ya mfupa utosini na vinyama vinavyoning'inia mashavuni; kororo ana kishungi cha manyoya meusi yaliyojikunja. Tena kanga hupenda mbuga na mashamba yaliyovunwa, kundi zima likitembea peupe. Kororo ni wa kichakani. Mara nyingi huwafuata nyani na kima, akiokota matunda wanayoyaangusha kutoka mitini. Una bahati kweli, kororo ni mwoga, hujificha upesi. Ukirudi, nenda alfajiri, simama kimya usikilize majani makavu yakichakurwa.