Ukichuma matembele kila siku, viazi utavipata wapi?

Msimu wangu wa kwanza kulima viazi vitamu huku Uyui, matuta yalishona marando hadi wapita njia wakawa wanasimama kuyatazama. Kila asubuhi nilichuma matembele, nikafunga mafungu, nikapeleka sokoni Tabora mjini. Hela ya mboga ni ndogo lakini ni ya kila siku, na nilikuwa na ada za watoto. Mwezi wa sita nilipofukua, tuta la kwanza likanipa vijizizi vya unene wa kidole gumba. La pili vilevile. Mwaka ule kwangu hapakuanikwa michembe, vile viazi vinavyokatwa na kukaushwa vibichi, wala matobolwa, vinavyochemshwa kwanza, na kiangazi cha Tabora bila michembe ndani ni kirefu mno.

Nililaumu udongo, nikalaumu mbegu. Aliyenifumbua macho ni baba mdogo, mrina asali wa miaka mingi. Siku moja porini akanionyesha mti wa mtundu uliobanduliwa gome kuzunguka shina zima. Mtu alitaka mzinga wa gome, akachukua chake akaondoka. Majani ya juu yalikuwa bado mabichi kabisa. Nikapapasa kidonda: ukingo wa juu gome limevimba, ukingo wa chini limesinyaa. Baba mdogo akasema, "Mti huu umeshakufa, mwanangu, ila majani bado hayajapata habari. Chakula kimekwama hapo juu, mizizi inakufa njaa."

Niliporudi nyumbani nilitafuta vitabu vya baiolojia, maana maneno yale hayakuniacha.

Jani hutengeneza chakula kwa mwanga wa jua, maji na hewa ya kaboni. Katika mimea mingi, chakula hicho husafiri kikiwa sukrosi, yaani sukari hiihii tunayotia kwenye chai, glukosi moja iliyoshikana na fruktosi moja. Hupita kwenye mirija ya floemu, iliyo upande wa gome. Maji yanayotoka mizizini hupanda kwa njia nyingine, zailemu, ndani ya mbao. Ndiyo maana mtundu ule ulibaki na kijani: maji yalikuwa yakipanda, sukari haishuki. Marcello Malpighi wa Italia aliona uvimbe kama huo katika karne ya 17 baada ya kubandua pete ya gome. Mwaka 1930 Mjerumani Ernst Münch akaeleza kinachoisukuma sukari hiyo. Jani hupakia sukrosi kwenye floemu, maji huifuata, shinikizo hupanda, na utomvu husukumwa kuelekea kule sukari inakotumika: kwenye mizizi, maua, matunda na ncha changa.

Katika kiazi, sukrosi ikifika huvunjwa na vimeng'enya, yaani kemikali za mmea zinazofanya kazi hiyo. Sehemu huupa mmea nguvu, na nyingi hugeuzwa wanga na kuwekwa akiba. Wanga wote wa kiazi unachokishika mkononi uliwahi kuwa sukari iliyoshuka kutoka kwenye jani. Hata usiku kazi haisimami, kwa kuwa jani huweka wanga kidogo mchana, na giza likiingia huuvunja na kuendelea kupeleka sukari chini.

Lililonigusa zaidi ni hili. Jani changa bado halilishi mtu. Lenyewe hulishwa na majani makubwa mpaka likomae kiasi, kisha ndipo linaanza kutoa. Na ukikata ncha ya rando, sukari iliyokuwa ikienda pale huelekea kwenye macho ya pembeni, na kuwasili kwake ni mojawapo ya mambo yanayoyaamsha yachipue. Basi yale marando yaliyosifiwa na wapita njia nilikuwa nimeyatengeneza mwenyewe kwa kuchuma. Kila asubuhi nilikuwa naivuta sukari ipande ikajenge machipukizi, na kabla majani hayo hayajafikia umri wa kulisha mizizi, nayachuma tena. Ili fungu lionekane kubwa, nilichanganya na majani mapana. Hao ndio walishi wenyewe.

Kwa hiyo, ndugu mkulima, tenga matuta ya mboga na matuta ya viazi. Ya mboga yachume upendavyo. Ya viazi, mizizi huanza kunenepa mapema, kwenye wiki ya 4 hadi ya 7 hivi baada ya kupanda, na tangu hapo usiyaguse. Dhiki ikikubana, chuma ncha chache kwa kuzunguka shamba, usirudie shina lilelile wiki hiyo, na majani mapana yaache.

Samadi nayo iwe ya kiasi. Naitrojeni ikizidi, mmea hupeleka nguvu kwenye majani ukasahau mizizi. Majivu ya jikoni yanafaa kiasi chake, hasa pale udongo ulipo na uchachu, kwani yana potasiamu, nayo husaidia sukari kupakiwa na kusafiri. Usipande chini ya mwembe ukitegemea mavuno. Kivulini jani halina cha kupeleka. Na marando yanayotambaa yakaota mizizi kati ya matuta, yainue taratibu, kwa sababu kila mzizi mpya ni mdomo mwingine unaodai sukari.

Wapo walioniuliza kama wamwagilie maji ya sukari. Hapana, dada zangu. Sukari ya dukani ukiimwaga kwenye udongo inaliwa na vijidudu na kuita sisimizi, haipandi kwenye mmea ikajenga kiazi. Sukari hiyo wape watoto kwenye uji.

Anayetaka kuyaona haya kwa macho yake, achague kitawi kimoja cha mwembe, si shina, abandue pete ya gome upana wa kidole, asubiri wiki kadhaa, kisha apapase ukingo wa juu.

Kwangu sasa matuta manne yaliyo jirani na kisima ni ya matembele peke yake. Yale mengine binti yangu ameyawekea fito ya alama, na mgeni akija jikoni akauliza mboga, anaonyeshwa njia ya kisimani. Msimu uliopita tulikata michembe siku tatu mfululizo, na mwamba wa kuanikia nyuma ya nyumba haukutosha.