Kabla Hujampelekea Kocha Jedwali Lako

Wadogo zangu, wiki hii nimesoma ripoti tatu za wachambuzi wapya wa kitengo chetu cha takwimu za mpira wa kikapu, na zote tatu zinamhukumu mchezaji kwa plas-mainasi (pointi ambazo timu ilifunga akiwa uwanjani, ukitoa ilizofungwa) ya mwezi mmoja. Nawapenda, lakini kwa hili siwezi kunyamaza.

1. Hesabuni pointi kwa kila umiliki 100 (umiliki ni zamu moja ya timu kushambulia ikiwa na mpira), si kwa kila mchezo, kwa sababu timu inayocheza kwa kasi hufunga na kufungwa pointi nyingi hata kama uwezo wake ni wa wastani.

2. Anayefunga 4 kati ya mitupo 10 ya pointi 3 ameleta pointi 12, sawasawa na anayefunga 6 kati ya 10 ya pointi 2. Jedwali linaloonyesha asilimia tupu halisemi hivyo.

3. Sasa plas-mainasi. Katika msimu wangu wa kwanza nilimwandikia kocha kwamba beki mmoja wa akiba anaibomoa safu yetu ya ulinzi, kwa kuwa kila alipoingia tulifungwa sana, na alipotoka tulitulia. Nilikiamini kipimo hicho kwa sababu ndicho kilichoonyesha thamani ya Shane Battier alipokuwa Houston Rockets, timu ya NBA, ligi ya Marekani, ilhali pointi na ribaundi zake (mipira anayoidaka baada ya mtupo kukosa) zilikuwa za kawaida. Kocha aliniamini, naye kijana akakaa benchi. Ulinzi wetu haukutengemaa, ulizidi kulegea. Niliporudia hesabu usiku, peke yangu, niliona mambo mawili ambayo nilipaswa kuyaona mapema: karibu dakika zake zote alicheza na kikosi cha akiba, nyota wetu wakiwa wamepumzika, na wapinzani walikuwa wakifunga mitupo ya mbali ambayo yeye hakuhusika hata kuilinda. Nilikuwa nimempachika udhaifu wa wenzake pamoja na bahati ya wapinzani. Nilimweleza kocha ukweli, lakini msimu ulikuwa umekwisha na mkataba wa kijana haukuongezwa. Sijui ni kiasi gani cha uamuzi ule kilitokana na karatasi yangu, na jambo hilo bado linaniuma.

4. Bahati ya mitupo ya mbali ni kubwa kuliko mnavyodhani. Mei 2018 Houston Rockets, timu iliyokuwa imeshinda michezo 65 ya msimu wa kawaida, ilikosa mitupo 27 mfululizo ya pointi 3 katika mchezo wa saba, wa mwisho wa mfululizo wao wa mtoano, dhidi ya Golden State Warriors. Hata mchezaji ambaye uwezo wake halisi ni asilimia 36, katika mitupo 100 bahati peke yake huweza kumshusha hadi 31 au kumpandisha hadi 41, na hakuna atakayestahili kushangaa. Kwa hiyo, kabla ya kulaumu ulinzi wa mtu, tazameni video ya kila mtupo wa mbali waliofunga wapinzani akiwa uwanjani, mwandike nani alikuwa karibu na mtupaji.

Ripoti zenu nimezirudisha. Nazisubiri Ijumaa, zikiwa na idadi ya umiliki pembeni ya kila namba na orodha ya wenzake mchezaji mnayemchambua waliokuwa naye uwanjani.