Dhoruba imepita, jua limetoka: mbona mlima bado una hatari?

Swali: Mwalimu, assalaam alaykum. Mdogo wangu wa kiume anasoma Innsbruck, Austria. Theluji imeanguka siku tatu kwa upepo mkali, leo kumekucha jua. Wenzake wanataka kumchukua kesho kuteleza kwa skii, nje ya njia zilizotengenezwa. Tangazo la maporomoko ya theluji linasema daraja la 3 kati ya 5. Yeye ananambia 3 ni katikati tu, na dhoruba imeshapita. Huku kwetu Wete upepo ukitulia watu wanashuka baharini. Huko kuna tofauti gani? Na kitu laini kama theluji kinamuuaje mtu? — Dada mwenye wasiwasi, Pemba

Jibu: Waalaykum salaam, dada yangu. Wasiwasi wako una haki. Nilikaa Tirol, jimbo lenye mji huo wa Innsbruck, miaka kadhaa nikisomea mambo haya, na siku ya kwanza ya jua baada ya dhoruba naiogopa kuliko dhoruba yenyewe. Dhoruba ikipiga, watu hukaa ndani. Jua likitoka, wote wanapanda.

Hata nahodha wa kwenu anajua kwamba upepo ukikatika, mawimbi hayalali saa ile ile. Mlimani ni zaidi ya hivyo, maana kilicholetwa na dhoruba kimebaki juu ya mteremko. Umeona upepo wa kusi unavyopeperusha mchanga pwani na kuulundika nyuma ya ngalawa iliyopandishwa? Theluji nayo hupeperushwa kutoka upande unaopigwa na upepo ikatua upande wa pili wa kilele. Punje zake huvunjikavunjika njiani, zikitua zinashikana na kuwa bamba gumu.

Sasa bamba hilo limekaa juu ya nini? Mara nyingi chini yake kuna theluji ya zamani iliyogeuka punje zisizoshikana, mfano wa sukari. Chukua sinia, tandaza sukari, weka kipande cha ubao juu yake, kisha liinamishe sinia polepole. Ubao utakaa, utakaa, halafu utaondoka wote kwa mpigo. Kwenye mlima hatari hii iko zaidi katika miteremko ya nyuzi 30 hadi 45, ambayo ndiyo hasa wanayoipenda watelezaji. Tabaka dhaifu likizikwa na baridi ikaendelea, linaweza kubaki vile vile kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo kauli ya kwamba dhoruba imepita haitoshi.

Jambo la kusikitisha ni kwamba katika ajali nyingi bamba hukatwa na uzito wa mtu mwenyewe aliyenaswa, au wa mwenzake.

Kuhusu ulaini: bamba la mita 30 kwa 30, unene nusu mita, lina mita za ujazo 450. Theluji iliyoshindiliwa na upepo ikiwa na kilo 200 kwa kila mita ya ujazo, hizo ni tani 90, na zinaweza kushuka kwa mwendo wa gari la barabara kuu. Zikisimama zinaganda, aliyezikwa hawezi kuinua hata mkono. Huko huko Tirol, kijijini Galtür, tarehe 23 Februari 1999, poromoko moja liliua watu 31.

Hiyo daraja la 3 ndiyo inayowadanganya vijana. Wanaisoma kama alama za mtihani. Maana yake ni kwamba mtu mmoja tu anaweza kuliondosha bamba, na katika milima ya Alpi vifo vingi hutokea katika daraja hilo hilo. Daraja la 4 linatisha, watu wanarudi nyuma. La 3 linawapa ujasiri.

Basi mwambie kesho ateleze ndani ya njia zilizofunguliwa rasmi, ambazo wahusika wamezikagua asubuhi. Wakimshikilia watoke nje ya njia, wabaki kwenye miteremko iliyo chini ya nyuzi 30 na wasipite wala kusimama chini ya iliyo mikali zaidi, maana bamba linaweza kukatika juu yao hata wao wakiwa bondeni. Wakiona ufa unakimbia kwenye theluji, au wakisikia mvumo mzito chini ya miguu, warudi kwa njia waliyojia.

Kisha kuna vifaa vitatu: redio ndogo ya kuvaa mwilini inayotoa mawimbi ya kumtafutia aliyezikwa, fimbo ndefu ya kuchomea theluji, na chepe. Kila mmoja awe na vyake, na awe amejifunza kuvitumia. Aliyefukiwa ana nafasi nzuri akitolewa ndani ya dakika 10 hivi; baada ya hapo pumzi inamwishia haraka, na waokoaji wa helikopta kwa kawaida hawawahi. Wanaomwokoa ni wale alioandamana nao.

Mpigie usiku huu. Muulize wako wangapi, na nani kati yao amewahi kufanya mazoezi ya kumtafuta mtu chini ya theluji. Akisita kujibu, mwambie dada yako hataki uende.