Jina la ukoo lisikupoteze: kumtafuta babu wa Frere Town

SWALI: Babu wa babu yangu alilelewa Frere Town, Mombasa. Biblia ya nyumbani imemwandika kwa jina la Kiingereza, kabatizwa 1879, na jina lake la pili ndilo tunalotumia hadi leo. Binamu yangu amechora mti wa ukoo unaotufikisha kwenye familia ya Uingereza yenye jina hilohilo, lakini kiungo hakionekani. Nianzie wapi? – Mjukuu, Kisauni

JIBU: Ndugu yangu, huo mti wa binamu uweke kando kwanza. Frere Town ilianzishwa 1875 na wamisheni wa CMS (Church Missionary Society, shirika la Kianglikana la Uingereza) ili kuwapokea watu waliokombolewa kwenye majahazi ya watumwa. Aliyebatizwa pale alipewa jina jipya, na la pili mara nyingi lilikuwa la mmisionari, la mfadhili wa ng'ambo au la mtu mashuhuri. Mtazame Matthew Wellington, mmoja wa waliousindikiza mwili wa mmisionari na mpelelezi David Livingstone hadi pwani, aliyefariki Mombasa 1935. Alikuwa Myao, na kwao aliitwa Chengwimbe. Malezi ya wamisheni aliyapata Nasik, India. Ukimfuata kwa jina la Wellington utaishia kwa jemadari wa Kiingereza, na Uyaoni hutafika kamwe.

Kwa hiyo anza na rejista ya ubatizo, na usiishie kwenye mstari wa babu. Rejista za Kianglikana zina safu za tarehe, jina, wazazi, makazi, kazi na aliyebatiza. Safu ya wazazi ikiwa tupu, yaelekea aliletwa. Ikiwa imejazwa, huenda alizaliwa hapohapo, na hapo unapanda kizazi kimoja zaidi. Nakili ukurasa mzima. Waliobatizwa siku moja huenda walishuka chombo kimoja, wakalala bweni moja, kisha wakasimamiana kwenye harusi. Niliwahi kukwama na ukoo mmoja wa Rabai muda mrefu, hadi nilipofungua rejista ya ndoa: shahidi alikuwa ametia alama ya msalaba, na pembeni karani akaandika jina lake la Kinyasa. Wajukuu wa shahidi yule ndio waliokuwa wakikumbuka mzee wetu alitoka kijiji gani. Tangu siku hiyo siachi kuwatafuta mashahidi.

Hatua ya pili ni kukitafuta chombo. Mwaka 1879 manowari ya Uingereza iitwayo London ilikuwa imetia nanga Unguja, na mashua zake zilikuwa zikivizia majahazi ya watumwa, hasa upande wa Pemba. Kumbukumbu za kila siku za manowari ziko Hifadhi ya Taifa ya Uingereza, Kew, mfululizo wa ADM 53. Humo utakuta tarehe na idadi ya watu. Majina ni nadra. Barua za konseli, yaani mwakilishi wa Uingereza huko Unguja, kuhusu biashara ya watumwa ziko hukohuko Kew, mfululizo wa FO 84, na hizo mara nyingine zina orodha yenye jina, umri na kabila. Umri ule ulikisiwa kwa macho, na "Mnyasa" aliweza kuwa mtu yeyote aliyetokea pande za Ziwa Nyasa, basi vyote viwili vichukue kwa tahadhari.

Karatasi za CMS zenyewe ziko Chuo Kikuu cha Birmingham. Hapa wengi hupotea: za misheni hii hadi 1880 ziko kwenye fungu lenye namba CA5, baada ya hapo ni fungu G3 A5. Babu yako yuko mpakani kabisa, kwa hiyo omba zote mbili.

Ila kabla ya kulipia nakala hata moja, kaa na shangazi mkubwa kuliko wote huku simu ikirekodi. Usimwulize "tulitoka wapi", maana hilo ameshalijibu mara mia. Mwulize bibi yake alimbembeleza mtoto kwa wimbo gani, alikuwa na chale wapi, na alipokasirika alitukana kwa lugha gani. Neno moja la Kiyao au la Kimakua litakuonyesha kabila la kutafuta kwenye zile orodha.

Na ukishika rejista, omba pia ukurasa unaotangulia na unaofuata. Siku za ubatizo wa wengi majina hayakuenea ukurasa mmoja.