Mwalimu Anajibu: Maneno Unayo Tayari, Mdomo Ndio Haujayazoea

Swali la kwanza

Mwalimu, nakusalimu. Mimi ni mama wa watoto wanne, ninaishi Katuba hapa Lubumbashi, na ninauza unga na mafuta ya kula katika soko la mtaa wa Kenya, hapa hapa mjini. Sekondari nilimaliza kwa Kifaransa. Mara mbili kwa mwezi ninavuka Kasumbalesa kwenda kununua mali upande wa Zambia. Mwaka jana niliamua kujifunza Kiingereza, na hadi sasa nimejaza madaftari mawili, kama maneno mia sita, ambayo ninayakariri kila usiku watoto wakilala. Lakini nikifika mbele ya afisa au mwenye ghala akaniuliza jambo, maneno yote yanatoroka, nabaki nimenyamaza kama mtu ambaye hakusoma kitu. Naona haya, maana walio nyuma yangu kwenye foleni wanasikia. Je, inanipasa nijue maneno mangapi ndipo niweze kuzungumza? Na haya hii nitaiondoaje?

Jibu

Mama, madaftari yako yamekudanganya katika jambo moja. Maneno ya Kiingereza unayoyajua si mia sita, ni maelfu, na mengi uliyapata kabla hujanunua daftari la kwanza. Mwaka 1066 William, mtawala wa Normandy, aliiteka Uingereza, na kwa karne kadhaa baada ya hapo lugha ya wakuu, ya mahakama na ya watu wenye mali ilikuwa Kifaransa. Kifaransa hicho hakikuondoka, kiliingia ndani ya Kiingereza na kukaa, hata leo zaidi ya robo ya maneno ya Kiingereza yana asili hiyo. Chukua yale ya biashara yako: "price", "profit", "tax", "passport", "transport", "quantity", "signature", "declaration". Mtu aliyemaliza sekondari kwa Kifaransa hahitaji kuyakariri hayo hata usiku mmoja, kwa sababu akiyaona yameandikwa anayaelewa papo hapo.

Tatizo ni kwamba anayaelewa akiyaona. Afisa hakuandikii, anakutamkia, na "declaration" ikitoka kinywani mwake inasikika "deklareishen", sauti ambayo sikio lako halijawahi kukutana nayo. Unadhani ni neno geni, unaanza kulitafuta kwenye yale mia sita, hulioni, na hapo ndipo moyo unapoanza kwenda mbio. Neno lilikuwa lako tangu ujana wako, ila lilikaa machoni, halikufika masikioni wala mdomoni. Kazi yako ya miezi ijayo basi si kujaza daftari la tatu, bali ni kuyahamisha maneno uliyonayo kutoka kwenye karatasi na kuyatia katika sauti.

Katika kazi hiyo Kiswahili chenyewe kitakusaidia kuliko unavyofikiri. Sisi wa Lubumbashi maneno mengi ya ofisini tumeyapokea kutoka Kifaransa, lakini Kiswahili cha pwani kiliyapokea kutoka Kiingereza, tena kwa sikio. Madereva wa malori yanayotoka Dar es Salaam husema risiti, ofisi, tairi, breki, injini. Sasa tazama neno "receipt" jinsi linavyoandikwa: lina herufi "p" ambayo hakuna Mwingereza anayeitamka. Mwanafunzi anayelisoma kwa macho huihangaikia herufi hiyo, ilhali dereva ambaye hakuingia darasa la Kiingereza hata siku moja anasema risiti na yuko karibu sana na matamshi yenyewe. Hata neno dereva ni "driver" lililovaa nguo za Kiswahili. Kwa hiyo unapomsikiliza dereva wa Dar es Salaam pale mpakani, unapata somo la matamshi ya Kiingereza bila malipo.

Sasa tuingie kazini. Chukua neno moja unalolijua na usiliache peke yake, lipe sentensi ambayo kweli utaisema Jumanne ijayo. Usiandike "bag: gunia", andika "How much is one bag?", kisha uiseme kwa sauti, si moyoni. Iseme ukiwa unasonga bukari, iseme ukiwa unafagia lupango, na mwite mmoja wa watoto awe mwenye ghala akujibu. Mtoto akitaja bei, mjibu "It is too much, my brother, I am taking ten bags." Sentensi kumi na mbili za namna hiyo, zilizosemwa kwa sauti mara thelathini kila moja, zitakufaa zaidi ya daftari zima, kwa maana siku ya safari ulimi utakuwa unapita njia uliyokwisha kuifyeka.

Kuna jambo ambalo ningependa ulifanyie mazoezi kabla ya mengine yote, kwa kuwa linaweza kukugharimu pesa: tarakimu. Sisi tunasema kumi na tano na hamsini, na hata kiziwi nusu hawezi kuzichanganya. Kwa Kiingereza ni "fifteen" na "fifty", na katika kelele za malori zinafanana kabisa. Sikiliza mahali sauti inapopandishwa: katika "fifteen" nguvu huelekea mwisho na sauti ya "n" inabaki puani, katika "fifty" nguvu iko mwanzoni na mwisho unakatika haraka. Vivyo hivyo kwa "thirteen" na "thirty", hadi "nineteen" na "ninety". Lakini usitegemee sikio peke yake wakati kwacha zako ziko mkononi. Uliza: "One five or five zero?" Wafanyabiashara wenye Kiingereza kizuri kuliko changu huuliza hivyo hivyo.

Ujihadhari pia, kwa sababu Kifaransa kinachokusaidia ndicho kitakachokutega. Miaka mingi iliyopita, nikiwa bado kijana na safari yangu ya kwanza ya Zambia, nilihitaji fomu fulani katika ofisi moja, nikamwambia aliyekuwa dirishani "I demand a form." Nilidhani ninaomba kwa adabu, kama tunavyotumia neno "demander". Yule bwana alirudisha mkono wake, akaniangalia, akamhudumia mtu mwingine. Mzee mmoja aliyekuwa nyuma yangu ndiye aliyeninong'oneza kwamba nimeamrisha, wala sikuomba, akanifundisha kusema "Could I have a form, please?" Nililia njiani siku ile, na namshukuru mzee yule mpaka leo. Mtego mwingine wa aina hiyo uko kwenye "money". Kwa Kifaransa "monnaie" ni chenji unayorudishiwa, lakini kwa Kiingereza "money" ni pesa zote, kwa hiyo ukisimama mbele ya mwenye duka ukasema "Give me the money" atashtuka. Sema "my change". Na ukitaka kumsubiri mtu usitumie "attend" ukifikiria "attendre", sema "wait". Mitego hii iandikie ukurasa wake kwenye daftari, huo ni ukurasa mmoja ambao nakuruhusu uukariri.

Umeuliza idadi. Mwaka 1953 Michael West, mwalimu Mwingereza aliyefundisha muda mrefu India, alitoa orodha ya maneno takribani 2,000 yanayotumika zaidi katika Kiingereza, na orodha hiyo imewaongoza walimu wengi tangu wakati huo. Paul Nation wa New Zealand, ambaye ameishughulikia hesabu hii kwa miaka mingi, alikadiria mwaka 2006 kwamba anayetaka kusoma riwaya au gazeti bila msaada anahitaji jamii za maneno 8,000 hadi 9,000, na anayetaka kufuata mazungumzo anahitaji 6,000 hadi 7,000. Usitishwe na tarakimu hizo. Jamii moja ya maneno ni neno pamoja na watoto wake wote, na nimekwisha kukuonyesha kwamba Kifaransa kimekulipia sehemu kubwa. Tena hizo ni tarakimu za anayetaka kuelewa kila kitu. Ya kununua unga, kujaza fomu na kumsalimu mwenye ghala kwa heshima ni mia chache, mradi ziwe mia chache zinazotoka mdomoni zenyewe.

Kuhusu kusahau, usijilaumu. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe na kuandika matokeo mwaka 1885: alikariri silabi zisizo na maana yoyote, na baada ya saa moja zaidi ya nusu ilikuwa imepotea. Orodha yako ya usiku inakaribia sana silabi zile, kwa kuwa maneno yake hayana mtu, hayana bei, hayana gunia. Rudia kidogo kidogo kwa siku zinazoachana: leo, kesho, baada ya siku tatu, baada ya wiki. Dakika kumi za namna hiyo zinatosha, nawe ulale, maana mama anayeamka alfajiri kwenda sokoni ana haki ya usingizi wake.

Sasa haya. Mama, haya haiondoki kwa kuambiwa uiondoe. Inapungua mtu anapokuwa na kitu cha kusema wakati hajaelewa, kwa sababu kinachokufunga mdomo ni ule ukimya wa sekunde tano ambao hujui uujaze na nini. Basi uwe na sentensi tatu za kuujaza, uzijue kama unavyolijua jina la kifungua mimba wako: "Please say it again slowly." "One moment, please." "I don't know this word, can you show me?" Anayesema "One moment, please" kwa sauti tulivu anaonekana mtu anayefikiri, wala hakuna aliye nyuma kwenye foleni atakayejua kwamba alikuwa anatafuta neno. Kumbuka pia kwamba afisa aliye mbele yako huenda naye alikijifunza Kiingereza darasani, akiwa amelelewa kwa Kibemba. Ukikwama kabisa, na kama wewe pia unakijua Kibemba kama wengi wa huku kwetu, kitumie kumsalimu kwanza, kisha uingie katika Kiingereza. Salamu hulegeza mioyo ya wote wawili.

Swali la pili

Mwalimu, mimi ni mwanafunzi wa chuo kikuu hapa Lubumbashi. Nikisema Kiingereza wenzangu wananicheka, wanasema nina matamshi ya Kiswahili. Je, niwaige Wamarekani?

Jibu

Hapana, mdogo wangu. Wazambia, Wanaijeria na Wahindi wana Kiingereza chenye sauti ya kwao, na wanaendesha mahakama na vyuo vikuu kwa Kiingereza hicho. Rekebisha tu yale yanayomzuia msikilizaji kukuelewa, na kwa sisi Waswahili ni matatu hivi. Sisi hukazia silabi ya pili kutoka mwisho karibu kila mara, lakini Kiingereza huhamahama: "record" ikiwa jina hukazwa mwanzoni, ikiwa kitenzi hukazwa mwishoni. Sisi tuna "i" moja, wao wana mbili, na asiyezitenganisha atasema "I leave here" akiwa anakusudia "I live here", na mwenyeji wake atashangaa anaaga kwa nini. Tena tunapenda kufunga neno kwa irabu, tukasema "gudi" badala ya "good". Shika hayo, zungumza polepole, na tafuta rafiki mmoja ambaye hacheki. Ukimkosa, soma kwa sauti ukiwa peke yako chumbani kila siku ukurasa mmoja. Mimi nilianza hivyo.

Swali la tatu

Mimi ni baba, nakaa Ruashi. Binti yangu wa miaka kumi na tano anaomba kamusi kubwa ya Kiingereza, lakini bei yake ni ghali. Je, nijinyime?

Jibu

Usijinyime, Baba. Kamusi kubwa ya Kiingereza kwa Kiingereza itamtuma binti kutafuta neno moja na kumrudisha na mengine matano asiyoyajua. Tafuta ile ndogo ya wanafunzi, hata iliyotumika, ambayo hueleza kila neno kwa maneno mepesi. Mtindo huo ni wa zamani: mwaka 1935 Michael West, yule niliyemtaja juu, alitoa akiwa na mwenzake kamusi iliyoeleza maneno takribani 24,000 kwa kutumia maneno 1,490 tu. Binti akiifungua, asiishie kwenye maana. Anakili mfano uliopo pale, kisha atunge sentensi yake kuhusu jambo la nyumbani kwenu, na jioni akusomee wewe. Hata kama hukijui Kiingereza, msikilize hadi mwisho, umuulize amesema nini, akueleze kwa Kiswahili.